Minyaa Kwenye Bustani ya Dalia

Ninyi vijana mtakaosoma haya, nawajua. Mnapita bustanini kwangu na simu mkononi, mnajipiga picha mbele ya dalia zangu, mnaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ua linalompita mtu mzima kwa urefu linasimamaje, na shina lake lina uwazi ndani kama mrija. Halisimami lenyewe. Linasimamishwa. Basi kaeni chini msome, na anayetaka kucheka akacheke barabarani.

Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyoongea.

Dalia ni ua la viazi. Unafukia kiazi mvua za kwanza zikianza, na nguzo yake unaisimika siku hiyo hiyo, kabla shina halijatoka. Ukisubiri mpaka mmea umekua ndipo uje na nguzo, utakitoboa kiazi chini ya udongo na hutajua, utaona tu majani yananyauka. Mmea ukifika magotini unaukata ncha ili utoe matawi. Ukifika kiunoni unaufunga kwa vipande vya kitenge kuukuu, siyo kwa waya, siyo kwa kamba ya katani. Kitambaa unakizungusha kwenye nguzo kwanza, unakipishanisha, ndipo unalizungushia shina, na unaacha nafasi ya kidole. Ukibana, shina litakatika penye fundo siku ya upepo. Na mvua ikishapita unatoka ukatikise maua, maana ua la dalia hunywa maji kama sifongo na kichwa chake kikawa kizito kuliko shingo.

Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi hapa kijijini kwetu Mbebe, na adui yangu hakuwa upepo. Adui yangu ni mchwa. Nikisimika fito za mkaratusi, mchwa wanakula. Nikisimika mianzi, wanachelewa kidogo, lakini wanakula. Ukiitazama nguzo juu ni nzima, ukiigusa inakubakia mkononi, chini hakuna kitu. Kila msimu nilikuwa nalalamika, na kila msimu mume wangu alikuwa ananisikiliza akinyamaza.

Sasa niwaeleze habari ya mume wangu, babu yenu. Jicho lake la kushoto lilikwisha kitambo, liliingiwa na ukungu mweupe, na yeye akawa mtu wa kusema nitakwenda hospitali baada ya mavuno, baada ya mavuno, mpaka likafa. Lilibaki la kulia. Kwa jicho hilo alisoma Biblia, alipasua kuni, alitambua mbuzi wa nani ameingia shamba la nani. Kila kitu chake kilikuwa juu ya jicho moja.

Nyumbani tulikuwa watatu wakubwa. Mimi, yeye, na mke wa mwanetu, ambaye alikuwa amejifungua karibuni. Mwanetu mwenyewe yuko Tunduma, anapakia na kushusha mizigo ya malori mpakani, anakuja akipata nafasi. Na kwetu, hata kama tunasali, jambo moja la wazee halijatoka: mke wa mwana hamkaribii baba mkwe. Hamtazami usoni, hamsalimii kwa kumpa mkono, chakula chake anamwachia mama mkwe apeleke. Akisikia kikohozi chake njiani, anachuchumaa pembeni na kujifunika kitenge mpaka apite. Wengi siku hizi wamelegeza. Mume wangu hakulegeza. Na yule binti alilelewa hivyo hivyo, hakuna aliyemfundisha upya.

Ilikuwa wiki ya kuelekea Pasaka. Akina mama wa kanisa walishakubaliana kwamba maua ya madhabahuni yatatoka kwangu, na dalia zilikuwa zimechanua, nyekundu na zile za njano, vichwa vikubwa kama sahani. Mchana ule mawingu yakapanda upande wa Malawi, meusi, na upepo ukaanza kuja kwa vipande. Nikaenda kukagua nguzo. Nikaigusa ya kwanza, ikalala. Ya pili, ikalala. Mchwa walikuwa wamemaliza safu nzima.

Nikiwa bado naitazama hasara hiyo, nikamwona mume wangu anapanda kutoka bondeni na mzigo begani. Fito za kijani, zimenyooka, nene kama mpini wa jembe. Akazitua.

"Mzee, miti gani hiyo?"

"Ya kusimamishia maua yako. Si unalia na mchwa kila mwaka?"

"Hiyo ni minyaa."

"Najua ni minyaa, mimi ndiye niliyeikata. Umewahi kuona mchwa anakula mnyaa? Hii ikishika mizizi haitoki hapo mpaka Bwana arudi."

"Akirudi akukute na macho. Utomvu wa huo mti unapofusha ng'ombe."

"Ng'ombe hana akili ya kuuziba," akasema. "Tazama."

Akanionyesha. Kila fito alikuwa ameichoma kitako kwenye moto, akakichovya kwenye majivu, pakakauka na kuwa peusi. Hata tone moja halikuwa linatoka. Ndivyo walivyofanya baba zake walipokuwa wakijenga maboma ya ng'ombe kule bondeni, na hakuna aliyepofuka. Alikuwa amejipanga kabisa, na furaha aliyokuwa nayo ilikuwa ya kijana aliyeleta posa.

Nilikuwa bado nataka kubishana. Upepo ukashuka, dalia moja nyekundu ikavunjika mbele ya macho yetu, pwaa, kama mtu amevunja muhindi.

"Unabishana au unashika?" akaniuliza.

Nikashika.

Tulifanya kazi kwa haraka na hatukusemezana. Mimi nashika fito wima kwenye tundu la nguzo ya zamani, tusitoboe viazi, yeye anaigonga kwa jiwe. Udongo ulikuwa na unyevu, fito ziliingia vizuri. Safu ya kwanza tukaimaliza. Tukaingia ya pili. Hapo ardhi ilikuwa na mwamba kidogo chini, fito ikagoma. Akainua jiwe juu zaidi, akapiga kwa nguvu zake zote. Akapiga tena. Na mimi nikaona kichwa cha fito kimepasuka na kitu cheupe kimeruka.

Kitako alikuwa amekiziba. Kichwa, ambacho ndicho alichokuwa anakigonga, hakukiziba.

Hakupiga kelele mara moja. Alisimama na jiwe lake mkononi, akasema, "Ee." Halafu jiwe likaanguka, akaanguka na yeye kwa magoti, na sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia tangu anioe.

"Jicho! Mama, jicho!"

Nikamrukia nimfute. Mkono ulikuwa umebaki kidogo umguse nikauona. Ulikuwa mweupe. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na maziwa ya mnyaa mpaka kwenye viwiko, na kitenge nilichojifunga nacho kina matone. Nikaurudisha mkono kama nimegusa moto. Yeye mwenyewe anataka kujisugua, na mikono yake ni hiyo hiyo.

"Usijiguse! Mzee, usijiguse! Weka mikono chini!"

"Linaungua!"

"Najua linaungua. Mikono chini!"

Nikamkanyaga mkono mmoja kwa mguu wangu. Ndiyo, nilimkanyaga mume wangu, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Nikamwita mkamwana kwa sauti ya kupasua koo.

"Mwanangu! Lete maji! Maji mengi, yale safi ya kunywa!"

Akatoka jikoni mbio na ndoo na kikombe. Mbio kweli, maji yanamwagika. Alipofika kwenye kona ya bustani akasimama kama amegonga ukuta. Akageuka, akatupa mgongo, akachuchumaa.

"Mama, maji haya hapa."

"Yalete!"

"Mama, baba yuko hapo."

"Ndiyo, yuko hapa na anapofuka! Mikono yangu ina utomvu, siwezi kumgusa. Ya kwako ni safi. Njoo umfungue jicho, umwagie maji."

Akaanza kulia, lakini hakuinuka. Na huyu mume wangu, anayegaragara chini na povu mdomoni, alimsikia, akapata nguvu ya kusema.

"Asinikaribie! Mwache huko huko. Nitajiosha mwenyewe."

"Utajiosha kwa mikono ipi?"

"Nimesema asinikaribie!"

Hapo nikajua kwamba jicho linakwenda. Kila nilipovuta pumzi lilikuwa linakwenda. Nilijaribu kuisugua mikono yangu kwenye majani, kwenye udongo, lakini utomvu ule unashika kama gundi, na kadiri unavyousugua ndivyo unavyoenea. Binti amechuchumaa analia. Mzee amefumba jicho amelibana kama ngumi. Upepo unavuma, dalia zinaanguka moja moja, na mimi siwezi kushika chochote.

Ndipo akaja jirani yetu wa upande wa juu, mjane mwenye sauti kubwa, ambaye kelele haziwezi kutokea bila yeye kufika. Alifika huku anafunga kilemba.

"Kuna nini? Nyoka?"

"Mnyaa. Umemwingia jichoni."

"Yesu! Lile lililobaki?" Akajishika kichwa. Halafu akamwona binti, na uso wake ukapata mwanga. "Dawa mnayo hapa hapa! Mnyaa hautolewi na maji, unatolewa na maziwa ya mama. Huyu si ananyonyesha? Njoo, binti, mkamulie baba mkwe wako jichoni. Matone machache tu."

Jamani. Mume wangu aliacha kugaragara.

"Nani anikamulie nini?"

"Maziwa, shemeji. Maziwa ya mkweo. Haraka, kabla halijaiva."

"Ondoka! Mtoe huyu mwanamke! Afadhali nife!" Akawa anapapasa hewani. "Maji! Nasema maji! Leteni hayo maji! Mkwe, lete maji upesi kabla huyu hajakufikia!"

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia yule binti tangu aolewe.

Sijui ni woga wa mjane au ni ile sauti ya baba mkwe, lakini binti aliinuka. Alikuja amefumba macho yake mwenyewe, anapapasa na mguu. Nikamwambia, "Fungua macho, hii siyo sala." Akafungua. Nikamwelekeza apige magoti kichwani kwake, ampakate kichwa, aweke kidole gumba juu ya kope na kingine chini, afungue kwa nguvu. Akaifungua kope. Tukaliona jicho. Jekundu lote, na katikati kuna utando mweupe. Mjane naye akapata kazi, akamwaga maji kwa kikombe, polepole, kuanzia puani kwenda nje. Ndoo ikaisha. Mjane akakimbilia nyingine. Hiyo nayo ikaisha. Mzee anatukana, anaomba Mungu, anatukana. Binti machozi yanamdondokea mzee kwenye paji la uso, na kope hakuiachia.

Mvua ikashuka tukiwa pale pale. Hatukuondoka mpaka ndoo ya mwisho.

Bodaboda alimpeleka zahanati, mimi nyuma yake nimemshikilia mzee kwa viwiko, mikono nimeifunga kwenye mifuko ya plastiki. Nesi akamwosha tena, kwa chupa za maji ya chumvi. Akaandika twende hospitali ya wilaya, tukaenda. Kule daktari wa macho akamulika kwa kurunzi yake ndogo, akamulika tena, akavuta kiti.

"Mlimwosha na nini?"

"Maji."

"Hamkuweka maziwa, mafuta, wala majani?"

"Jirani alitaka kutuwekea," nikasema, "hatukukubali."

"Vizuri. Ngozi ya juu ya jicho imeungua. Inaweza kupona, inaweza isipone, siwezi kukudanganya. Hizi dawa za matone awekewe kila saa mchana, na huyu mwenye kumwekea awe na mikono safi kabisa na isiyotetemeka. Mkikosa hivyo, wadudu wataingia kwenye kidonda."

Nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa imevimba, malengelenge yamepanda kati ya vidole. Hata kifuniko cha chupa ile ndogo nisingeweza kukifungua.

Tulirudi nyumbani. Bustani ilikuwa imelala yote. Safu ya minyaa ilikuwa imesimama, wima, inang'aa kwa maji, na dalia zimelala chini yake. Sikuwa na moyo wa kuzitazama. Kwa Pasaka akina mama waliokota zilizobaki na majani ya mchikichi, wakapamba hivyo hivyo.

Siku zile za matone sizipendi hata kuzikumbuka, lakini nitazisema. Mzee alikaa kwenye kiti sebuleni, bandeji usoni, na giza pande zote mbili. Saa ya dawa ikifika binti anakuja, amenawa kwa sabuni mpaka vidole vimekunjamana. Na kila mara vita vinaanza upya.

"Mwambie huyo mtu asisimame karibu."

"Mwambie mwenyewe, masikio anayo."

"Mama," binti ananiambia mimi, "mwambie baba atazame juu."

"Amesikia. Mzee, tazama juu."

"Mwambie nimetazama."

Mjane wa juu alikuwa anakuja kila siku kusikiliza mazungumzo hayo, anakaa mlangoni anacheka mpaka anajishika mbavu. Mimi sikucheka. Kwa sababu ilikuwa asubuhi moja, jua limeshaingia mpaka miguuni kwetu, binti ameondoa bandeji ili aweke dawa, na mzee akauliza, "Kumekucha?"

Binti alinitazama. Chupa ya dawa ikatulia hewani.

"Bado kidogo," nikamwambia. Nikatoka nje nikasimama nyuma ya nyumba.

Mwanetu akapiga simu kutoka Tunduma. Nyuma yake nasikia honi za malori na watu wanabishana bei kwa Kibemba. "Mama, nasikia mke wangu anamshika baba uso. Watu wa ukoo wakisikia watasema nini?"

"Watu wa ukoo wana mikono?"

"Sikuelewa, mama."

"Nauliza kama wana mikono. Wenye mikono safi waje wamwekee baba yako dawa kila saa. Nitawapikia. Kama hawaji, wanyamaze, na wewe nyamaza, ufanye kazi yako ya malori." Nikakata.

Lakini mzee alikuwa amesikia, maana simu zetu zinapiga kelele. Saa ya dawa ilipofika akafunika uso kwa viganja. Akasema basi, inatosha. Kwamba alivumilia siku ile kwa sababu alikuwa hajijui, lakini sasa anajijua, na hawezi kuwa mzee wa kushikwashikwa na mke wa mwanawe. Kama jicho ni la kwenda, liende.

Nikapiga magoti mbele yake. Siyo kwa heshima, ni ili anisikie vizuri.

"Likienda," nikamwambia, "nani atakupeleka chooni? Mimi na mikono hii? Ni huyu huyu. Sasa anakushika kope. Baadaye atakushika mkono kila uendako, kila siku, mpaka ufe. Chagua unataka akushike wapi."

Binti amesimama na chupa. Halafu viganja vikashuka vyenyewe, na akatazama juu bila kuambiwa.

Jicho lilirudi polepole. Kwanza alisema anaona moshi. Baadaye akasema moshi una kitu kinachotembea. Na siku moja, tumekaa, binti amemaliza matone na anafunga chupa, mzee akanyanyuka ghafla akaelekeza kidole dirishani.

"Mbuzi! Yule mbuzi wa mjane, yuko kwenye maua!"

Tukatazama. Alikuwepo. Binti akacheka kwa sauti, akajiziba mdomo, akanitazama kama amefanya kosa. Mimi nikatoka kumfukuza mbuzi.

Minyaa tuliing'oa yote, kwa magunia mikononi, tukaifukia kwenye shimo mbali na nyumba. Hatukuichoma, maana hata moshi wake ni mbaya. Viazi vya dalia vilikuwa vizima chini ya udongo, mashina tu ndiyo yaliyokufa, na mengine yakaanza kuchipua pembeni. Zilitakiwa nguzo mpya na mafundo mapya.

Lakini malengelenge yalipopona, vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena sawasawa. Nilijaribu kufunga kitambaa kwenye shina, kikaniponyoka, shina likavunjika mkononi mwangu. Na ndani ya nyumba, siku daktari kule wilayani alipomkagua mzee na kusema dawa ziishe sasa, nikaona jioni ile ile mzee amehamisha kiti chake upande wa pili, na binti akarudi kuniachia sahani ya chakula mlangoni, amejifunika kichwa. Hakuna aliyewaambia. Walirudi wenyewe, kila mtu kwenye kona yake, kana kwamba jicho lilijiponya.

Niliinuka nikachukua sahani ile, nikaiweka katikati ya meza. Nikamwita binti aingie ndani. Akaingia, akasimama ukutani. Mzee akageuza uso.

Nikawaambia: "Nisikilizeni, sirudii. Kesho jua likitoka mtakwenda ninyi wawili kukata mianzi. Mzee atasimika, mkwe atafunga, na mtasemezana wenyewe kwa midomo yenu wapi pakazwe na wapi palegezwe, maana mimi sitakuwa hapo wa kupitisha maneno. Dalia zangu zisimame. Sasa mkwe, mpe baba yako chakula chake mkononi."